Aliyeitwa Mara Kumi na Sita

Wewe umewahi kumwonea maiti wivu?

Usinijibu na uso wa kanisani. Sikuulizi kama umewahi kumwogopa. Maiti hata mbwa humwogopa. Nauliza wivu, ule wa kukaa kooni kama mfupa wa samaki, ukimeza unauma na ukitema unauma. Muthoki alikuwa nao. Na Muthoki si mtu wa kushtuliwa na kivuli cha mkonge. Anafundisha Kemia kwenye shule ya kutwa, digrii yake imetundikwa sebuleni ndani ya fremu, na ukimletea habari za uchawi atakuuliza ushahidi uko wapi, nani alishuhudia, na kama huyo aliyeshuhudia alikuwa amekunywa. Haya yalimpata yeye mwenyewe, kwenye ule mgongo wa kilima ukitoka Matiliku, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi nakusimulia tu.

Yalianza Jumamosi mchana, jua limewaka mpaka mabati yanalia. Jikoni mbaazi zilikuwa zinachemka taratibu. Nje, mama mkwe wake, Nduku, alikuwa anamtukana ng'ombe wa jirani aliyevunja ua, matusi ya kiungwana, yale ambayo mzee wa kanisa akipita anaweza kuyasikia bila kusimama. Muthoki alikuwa sebuleni anampigia mumewe mashati pasi. Alikuwa na mimba iliyoanza kumzuia kuona vidole vyake vya miguu, na kila akimaliza shati alipumzika kidogo.

Mumewe, Evanson Mulwa, alikuwa Emali. Kazi yake ni mitambo ya intaneti: anafungia maduka, zahanati na mahoteli ya barabarani, na mitambo ikigoma anaitwa yeye. Mwanaume mpole, msafi, hanywi. Akina mama wa kanisa wakimwona walimwambia Muthoki, "Wewe uliokota embe lililoiva." Hawakuongeza kwamba embe hilo lilikuwa limeshamenywa na mwingine. Kabla ya Muthoki kulikuwa na Ndila.

Ndila alikufa kwa homa ya mapafu, bila kuacha mtoto, akazikwa pale pale bomani, upande wa chini wa nyumba, karibu na ua wa mkonge. Lakini nyumba aliiacha imejaa. Mapazia alichagua yeye. Sahani alichagua yeye. Rangi ya ukuta wa chumba cha kulala, ile ya maziwa ya ngamia, alichagua yeye, na Evanson alipoulizwa kama inaweza kubadilishwa alisema, "Bado ni nzuri." Muthoki aliishi humo kama mgeni wa hoteli: kila kitu kizuri, hakuna kilicho chako.

Na kwenye chumba kidogo ambacho Evanson alikiita ofisi kulikuwa na laptop ya Ndila. Ilikaa juu ya meza, mfuniko umeachwa wazi kidogo, imefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua, ambacho Ndila alikifuma kwa mkono wake. Waya wa njano ulitoka kwenye ruta ukutani, ukatambaa kando ya sakafu, ukapanda mguu wa meza na kuiingia ubavuni. Muthoki alikuwa ameizoea kama unavyozoea picha ya marehemu: ipo, haiombi chakula.

Basi akiwa ameinamia kola ya shati, akasikia pumzi.

Pumzi ndefu, ya mtu anayeamka usingizi wa mchana. Ilitoka ofisini. Muthoki akageuza shingo. Kile kitambaa kilikuwa kinang'aa kutoka ndani. Mwanga wa buluu ulipenya matundu ya ufumaji ukaenda kukaa ukutani, ua kwa ua, safu kwa safu. Hakukuwa na mtu ofisini. Hakukuwa na mtu ndani ya nyumba nzima ila yeye.

Tumboni, mtoto akageuka. Alikuwa ametulia tangu alfajiri.

Alipokumbuka pasi, kola ilikuwa imeshaungua.

Jioni, wakiwa mezani pamoja na Nduku, alimwambia Evanson kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya mke anayejua anachokifanya. "Laptop ya marehemu imejiwasha leo."

"Haijajiwasha," Evanson akasema. "Ni mimi niliiamsha, kisha mteja akanikatiza."

"Ukiwa Emali?"

"Nikiwa Emali. Ndiyo kazi yangu, Mwalimu."

Alimwita Mwalimu. Mbele ya watu Mwalimu, wakiwa wawili "wewe". Muthoki alikuwa anajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho kinywa hicho kilitaja jina lake.

Evanson, ambaye kwa mambo mengine ni mchache wa maneno, kwa mashine hufunguka kama bomba. Aliweka tonge chini. "Mashine ikilala, hailali yote. Kuna sehemu ndogo pale waya unapoingilia, hiyo inabaki macho, inasikiliza. Mimi natuma wito kwa simu. Ruta inaupokea, inautangaza nyumba nzima. Simu yako inasikia, televisheni inasikia, kila kilichounganishwa kinasikia. Lakini ndani ya ule wito kuna jina la mashine moja, limerudiwa mara kumi na sita. Mwenye jina anaamka. Wengine wanaendelea na usingizi wao."

"Kwa nini mara kumi na sita?"

"Ili asidhani ni kelele za kupita. Ajue anaitwa yeye."

Nduku aliacha kutafuna. Mama huyu ni mwenyekiti wa kikundi cha maombi cha akina mama. Asubuhi hukemea mapepo kwa maikrofoni mpaka spika zinapasuka, na jioni kabla ya kunywa uji humwaga kidogo chini kwa ajili ya mizimu ya ukoo, na ukimwuliza atasema mkono umeteleza. Mkono huo umekuwa ukiteleza kila jioni tangu aolewe.

"Mtu haitwi hivyo," alisema. "Aliye hai unamwita mara moja, ya pili kama ni kiziwi. Ukimwita zaidi ya hapo, humwiti aliye karibu."

"Mwaitu, ni mashine," Evanson akasema, kwa ile subira ya kumwambia mama.

"Sijasema si mashine."

"Na unaiamsha ya nini?" Muthoki akauliza.

"Kuna programu za kazi humo. Zililipiwa kwenye mashine hiyo, haziingii nyingine."

Alisema haraka mno. Kisha akaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Sasa, nikueleze jambo moja la boma hilo, maana bila hilo hutaelewa kilichokuwa kinamla Muthoki. Kwa ukoo wa akina Mulwa, mwanamke akifa bila mtoto, nyumba yake haihesabiwi kuwa imezimika. Inangoja. Mke atakayefuata akizaa msichana, anaweza kumpa jina la marehemu, na mtoto huyo anakuwa wa ile nyumba iliyongoja: anaitwa binti wa fulani, na akiolewa, mahari yake inatajwa mlangoni kwa marehemu. Aliyemzaa anabaki kuwa aliyemzaa. Lakini kuna sharti. Jina hilo hulitamka mama mzazi peke yake, kwa hiari, siku ya tatu baada ya kujifungua. Kabla ya siku hiyo mtoto ni mgeni tu, hana jina, na ni mwiko mtu yeyote kumwita kwa jina akiwa tumboni. Wazee husema anayeitwa kabla hajafika hufika akiwa mtu mwingine.

Nduku alikuwa ameshamwuliza, mapema, mimba ilipoanza kuonekana. Alimkuta uani anapepeta mahindi, akaketi kwenye kigoda, akasema, "Mwiitu, binti yangu, akiwa msichana, utampa jina la Ndila?"

"Hapana, mama."

"Basi," Nduku akasema. "Mama akikataa, imekwisha." Akainuka, akajipangusa makapi, akaenda zake. Hakurudia tena.

Muthoki hakuamini ukimya huo hata kidogo. Mtu anayeacha jambo upesi hivyo, alijiambia, hajaliacha. Amelipitisha mlango wa nyuma.

Huko shuleni alimwambia Bilha, mwalimu wa Hesabu, rafiki yake, mke wa Chege mwenye duka la vipuri. Walikuwa wawili tu chumba cha walimu, chai imepoa.

"Chege wangu ana simu mbili," Bilha alinong'ona. "Hiyo naielewa. Mwanaume akificha mwanamke aliye hai una pa kuanzia, unaenda unamvuta nywele. Huyu wako utamvuta nini?"

"Usinichekeshe, nitazaa hapa."

"Sikuchekeshi. Keti nayo. Chukua nusu siku, keti mbele ya hiyo laptop uone anaiamsha ya nini. Na ukikuta ni programu za kazi kweli, uje uniombe msamaha kwa kuninyima mandazi, maana hayo mawili umekula peke yako."

Muthoki akaomba ruhusa ya kliniki. Uongo mdogo, nao ulimwelemea kidogo tu. Alifika nyumbani mchana Nduku akiwa kwenye maombi, akaingia ofisini, akakiondoa kile kitambaa kwa vidole viwili kama unavyotoa nguo ya mtu mwingine kwenye kamba yako, akafungua mfuniko, akaketi. Kioo kilikuwa cheusi. Aliuona uso wake humo, mnene, umechoka.

Kisha ile pumzi.

Mwanga ukaja. Mahali pa uso wake ukatokea uso mwingine: Ndila, ndani ya joho la kwaya, anacheka, jino moja limepanda juu ya jingine. Mtoto akageuka tumboni, mgeuko mzito, wa mtu anayejinyoosha. Muthoki akaweka mkono pale.

Kishale kwenye kioo kikasogea. Chenyewe.

Alijua ni Evanson, huko Emali, anaiendesha kwa mbali. Alijua. Lakini kukijua kitu na kukitazama kikitembea bila mkono ni mambo mawili. Kishale kikaandika neno la siri, nukta kwa nukta, bila kusita. Kikafungua mlango mmoja wa mafaili, kikafungua mwingine. Kikagonga.

Sauti ikajaa chumbani.

Haikuwa programu ya kazi. Ilikuwa sauti ya mwanamke anajifunza wimbo wa kwaya, peke yake, bila ala. Sauti nzuri, naomba niseme ukweli, nzuri kuliko ya Muthoki, na Muthoki alikuwa wa kwanza kulijua hilo. Evanson alidhani anaisikia kwenye vidude vyake vya masikio tu. Hakujua spika za nyumbani nazo zinaimba. Bwana fundi wa intaneti, mwenye kufungia watu mitambo kutoka Emali hadi Makindu, hilo dogo halikumjia. Kwa hiyo siku zote hizo, mkewe akiwa darasani anafundisha asidi na chumvi, mama yake kwenye maombi, marehemu alikuwa anaimba ndani ya nyumba, kwa sauti kamili, madirisha wazi.

Na mtoto alikuwa anacheza. Kila mstari, teke. Muthoki aliketi pale akisikia kitu kinapanda kutoka miguuni, na hakikuwa hofu bado. Ulikuwa ule mfupa wa samaki. Mtoto wangu, alijiambia. Mtoto wangu anamchezea huyu.

Wimbo ukaisha. Mwanamke akakohoa, akacheka kidogo. Kisha akasema, karibu sana, kama aliye nyuma ya kiti: "Evans, funga mlango. Mtoto ataamka."

Muthoki akageuka nyuma. Hakukuwa na mtu. Lakini mlango wa ofisi, ambao aliuacha wazi, ulikuwa umefungwa.

Evanson alipofika hakukaribishwa chai. Aliambiwa aketi, akaketi.

"Programu za kazi zinaimba alto siku hizi," Muthoki akasema.

Hakukana. Hilo angalau alipewe. Alikunja mikono, akatazama meza. "Ni sauti tu. Nilikuwa naogopa kuisahau."

"Na huyo mtoto atakayeamka ni nani?"

"Mtoto gani?"

"Mwisho wa wimbo. Anasema ufunge mlango, mtoto ataamka."

Evanson aliinua uso. Rangi yake ilikuwa imebadilika. "Kwenye ile sauti hakuna maneno," akasema polepole. "Nimeisikiliza mara nyingi. Ni wimbo tu. Ukiisha, inakatika."

Evanson akatoa simu. Mbele ya macho ya Muthoki alifuta ile programu ya kuita kwenye simu. Akafuta na zile njia za kuingilia kutoka nje, akabadilisha neno la siri la ruta, akamwonyesha kila hatua, jasho linamtoka. "Sasa hakuna anayeweza kuiita," akasema. "Hata mimi siwezi."

Kesho yake alasiri iliamka.

Evanson alikuwa amesimama kando yake safari hii, soda mkononi. Wote wawili waliisikia ile pumzi. Wote wawili waliona maua ya buluu yakipanda ukutani. Evanson aliweka chupa chini, akaikosa meza. Muthoki hakutazama chupa. Alikuwa ameshika tumbo. Mtoto alikuwa amegeuka kuelekea ofisini, hivyo ndivyo alivyohisi, kama mtu anayegeukia mlango.

Hapo ndipo hofu ilipompata. Akaanza kumsikiliza mtoto wake kama mlinzi. Asubuhi, hachezi. Akinywa maji baridi, hachezi. Akila kitu kitamu, hachezi. Mashine ikiamka, anaamka. Mashine ikilala, analala. Alikwenda kliniki, ya kweli sasa. Nesi akasikiliza, akasema moyo unapiga vizuri, mtoto mzima, ni mtulivu tu, tena mshukuru Mungu. Muthoki akashukuru. Barabarani akalia.

"Iondoke," alimwambia Evanson. "Si kesho."

Evanson akaichomoa laptop kwenye ule waya wa njano, akaitoa betri, akaifunga kwenye gunia la mahindi kama kuku wa sokoni, akaondoka nayo. Alipiga simu kutoka Emali: iko dukani, kwenye kabati la chuma, betri kwenye droo nyingine. Muthoki akakichukua kile kitambaa cha kufuma akakichoma nyuma ya choo. Kilishika moto vizuri. Akajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu aingie boma hilo. Usiku huo alilala kama mwenye nyumba.

Asubuhi mtoto hakucheza.

Saa nne, hakucheza. Muthoki akalala ubavu wa kushoto kama alivyofundishwa. Akanywa maji ya sukari. Akaimba, yeye asiyejua kuimba. Kimya. Tumbo lilikuwa zito kama mtungi.

Adhuhuri ilipopita, akageuka.

Mgeuko ule ule. Wa kujinyoosha. Muthoki akainuka kitandani. Hakuna pumzi iliyotoka ofisini. Hakuna mwanga ukutani. Akaenda mpaka mlangoni, akachungulia. Meza tupu. Waya wa njano umelala juu yake, ncha yake wazi, haijaingia popote.

Ndipo akatazama ruta.

Kila tundu la waya lina kitaa kidogo juu yake. Kikiwaka, upande wa pili kuna mashine. Kikipepesa, mashine hiyo inazungumza. Evanson ndiye aliyemfundisha hayo. Tundu la waya wa njano lilikuwa linawaka. Kijani. Linapepesa.

Alipepesa nalo macho. Linapepesa. Teke. Linapepesa. Teke.

Aliinua ncha ya waya. Plastiki na vijishaba. Hakuna kitu. Akaiachia kama kitu cha moto. Akaenda ukutani, akachomoa umeme wa ruta.

Taa zikafa. Na mtoto akasimama. Hakutulia, alisimama, katikati ya kugeuka, kama mtu aliyekatizwa akitembea. Muthoki akangoja. Akabonyeza tumbo. Akabonyeza kwa nguvu. Akamsemesha. Akapiga magoti akamsemesha. Kimya kile kilikuwa na urefu ambao hajawahi kuueleza mtu, hata mimi alinipitisha hapo bila maneno.

Akarudisha umeme.

Taa moja. Taa mbili. Kisha kile kitaa cha kijani, mahali pasipo na mashine.

Teke.

Alimpigia Evanson. "Njoo," akasema, akakata simu.

Alifika jua bado liko juu. Nduku aliona anavyokimbia, akamfuata ndani bila kubisha hodi. Evanson alitazama ruta. Akauchomoa waya wa njano kutoka kwenye tundu lake, akauzungusha mkononi, ncha zote mbili mkononi mwake. Tundu likabaki wazi, tupu. Juu yake kitaa kinapepesa.

"Haiwezekani," alisema.

"Ndivyo digrii zinavyosema," Muthoki akajibu. Kisha akamgeukia mama mkwe, na yale yote aliyokuwa ameyameza tangu siku ya mahindi yakatoka kwa sauti ndogo, kavu. "Mama, ni wewe. Nilikukatalia ukanyamaza. Ulikwenda wapi na ukimya wako? Ulimpa mtoto wangu jina."

Nduku hakukasirika. Aliketi kwenye kiti cha ofisi, mikono juu ya magoti. Alionekana mzee. Maikrofoni ilikuwa mbali naye sana.

"Ndila nilimpenda," akasema. "Kukuficha ya nini. Nilimpenda kuliko wewe. Lakini uliponikatalia nilifurahi. Unajua kwa nini? Alikufa akiwa na njaa ya mtoto. Mtu mwenye njaa humwonyeshi sahani."

"Basi nani?"

"Nauliza hivyo hivyo." Nduku alikitazama kile kitaa, kisha tumbo, kisha kitaa. "Huyu alituambia hapo mezani. Wito wanausikia wote, anaamka mwenye jina. Wewe unasikia, mimi nasikia, hatuamki. Mtoto anaamka." Alinong'ona sasa. "Mwiitu, mtoto huyu ana jina. Si la leo. Kuna mtu wa hapa ndani alimwita akiwa bado mgeni, na akamwita sana, na huko kaburini, kando ya mkonge, kuna aliyesikia kwamba mwanawe ameshapatikana. Anayemwita sasa si mashine. Ni mwenye nyumba anamwita mtoto wake."

Muthoki alitikisa kichwa. Alitaka kudai ushahidi. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo, na ushahidi ulikuwa unapiga chini ya mkono.

"Lisiporudishwa na aliyelitoa, halirudi," Nduku akasema. "Na hawezi kulirudisha kabla hajasema alilitoa. Aseme sasa."

Nje, jogoo mmoja alipiga mbawa akanyamaza. Evanson alikuwa anauzungusha ule waya kwenye kiganja, mzunguko juu ya mzunguko, kwa unadhifu wa fundi, mpaka ukaisha na mikono ikakosa kazi.

"Evanson," mama yake akamwita. Mara moja.

Muthoki alimtazama mumewe. Yule msafi, asiyekunywa, anayecheka mikono inayoteleza na uji unaomwagwa, aliyesema ni mashine tu. Akajua kabla hajasikia, kama mke anavyojua.

"Jumapili," Evanson akasema. "Ukitoka kanisani unalala kwenye kochi. Mimi nakaa chini pale, sikio kwenye tumbo. Nilitaka tu kulitamka. Hakuna mtu analitamka tena humu ndani, mnasema marehemu, marehemu. Nikalitamka kidogo kidogo, wewe umelala. Jumapili ya kwanza hakukuwa na kitu. Nikarudi. Kila Jumapili nikarudi." Akauweka ule waya mezani. "Ni mimi. Nilimwita Ndila, nikamwita, nikamwita, mpaka siku moja akaitika."